Mama mkwe anasema ni uvivu wa deki, mtoto kila masika anabanwa kifua

SWALI

Shikamoo mama mshauri.

Ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata kwenye nyumba ya familia ya mume wangu. Yeye ni kitindamimba, na baba mkwe alipofariki kaka na dada zake walikubaliana sisi ndio tubaki na mama. Nyumba ni ya miaka ya 1980, ya matofali ya saruji, mzee aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ukarani. Watoto wa mzee ni sita na mirathi haijagawanywa mpaka leo.

Shida yetu ni chumba cha watoto. Upande mmoja kimepakana na bafu, na nje ya ukuta wa pili ndipo lilipo tangi la maji. Masika ikianza tu, ukuta unaloa kuanzia chini, rangi inatoka malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji. Halafu linakuja doa la kijani, linageuka jeusi, linapanda. Mwaka huu nimevuta kabati nikakuta ukungu umeenea toka sakafuni hadi usawa wa kiuno changu. Kanzu ya madrasa ya mwanangu iliyokuwa imegusana na ukuta ina vidoa vyeusi kwenye mshono wa bega, nimeifua na kuianika juani havitoki. Mgeni akiingia humo anakunja pua kwa uvundo. Sisi tumeshauzoea.

Huyo mwanangu ana miaka 7 na ana pumu. Usiku kifua kinapiga mluzi, analala ameketi. Tuna ile dawa ya kuvuta ya bluu, akibanwa anavuta anapata nafuu, kwa sasa karibu kila usiku anaihitaji. Ikizidi tunakimbia naye hospitali anawekewa mashine ya mvuke, tunarudi nyumbani alfajiri kwenye chumba kile kile. Likizo ya Desemba alikwenda Dodoma kwa mama yangu, hakukohoa hata kidogo. Amerudi, haikupita wiki, kifua kikaanza.

Mume wangu aliwahi kupaka rangi ya mafuta, ukuta ukapendeza, masika iliyofuata ikabanduka yote. Nimesugua kwa jiki mpaka mikono imechubuka, doa linaondoka, baada ya muda linarudi pale pale. Mwaka jana mvua zilipozidi, mama alichukua jiko la mkaa akaliingiza chumbani akafunga mlango na madirisha ili ukuta ukauke. Watoto walilala humo usiku ule na joto lake.

Nikisema nyumba ina tatizo, mama anasema tatizo ni mimi, sipigi deki, sifungui madirisha, nalala mpaka jua linatoka. "Nimelea sita humu ndani, hakuna aliyekufa kwa ukuta." Jioni anafukiza ubani na udi kuondoa harufu. Yeye mwenyewe anakohoa tangu Ramadhani, anasema ni utu uzima na moshi wa maandazi, maana huwa anachoma maandazi ya kuuza kila alfajiri pale koridoni kwenye mkaa. Hiyo ndiyo hela yake, haombi mtu.

Nataka tuhame tukapange vyumba viwili popote pakavu. Mume wangu anasema kodi ya miezi sita ndiyo hela ya kupandisha boma letu Chanika ambako tumeishia kwenye msingi, na kwamba akimwacha mama peke yake kaka zake watamwona mwanamume wa kuongozwa na mke. Wifi yangu mkubwa ametoa wazo mtoto apelekwe Dodoma akasome huko. Juzi nimetumiwa video WhatsApp kwamba ukungu mweusi unaua taratibu. Sasa silali. Nihame na watoto wangu hata kama mume hataki, au nimpeleke mwanangu kwa mama? Nisaidie.

Mke wa Kitindamimba, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha. Mama anayesikiliza kifua cha mtoto usiku hapumziki hata akifumba macho.

Umeniuliza kuhama au kutohama. Humo humo ndani ya barua nimeona mambo matatu yamefungwa kamba moja: ukuta unaoloa, pumu ya mtoto, na heshima kati yako na mama mkwe. Mkikaa kuzungumzia ukuta, mama anasikia usafi wako na kazi ya marehemu mumewe. Mkizungumzia pumu, mume anasikia hela ya Chanika. Ndiyo maana hamfiki popote. Niruhusu niyafungue moja moja, na usinichukie nikikuuliza mawili matatu.

Kwanza nikutoe hofu ya ile video, kisha nikurudishie hofu iliyo halali. Rangi ya ukungu haisemi chochote kuhusu ubaya wake. Mweusi, wa kijani au mweupe, wote unaota kwa sababu moja, maji. Kwa hiyo usimlipe mtu aje kupima ni fangasi wa aina gani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na halikuweka kiwango cha kusema hapa ni salama na hapa si salama. Lilichosema wazi ni kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wanapata zaidi matatizo ya kifua, na pumu yao inachochewa. Kwa hiyo si ndoto zako. Ukuta ule haumfai mtoto mwenye pumu, na wala si kwamba kila anayelala karibu nao yuko njiani kufa. Mama mkwe naye hasemi uongo. Alilea sita humo, pengine hakuna aliyekuwa na pumu, na pengine ukuta wa wakati ule haukuwa ukiloa hivi.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Umeandika kwamba tangi liko nje ya ukuta huo huo, kisha ukapita. Mimi nimesimama pale. Maji ya bomba yakija usiku wa manane na mkalala mmefungulia, tangi linamwagika wapi? Kama linamwagika chini pale pale, msingi unakunywa maji mwaka mzima na masika inakuja kumalizia tu. Na bafu upande wa pili: kuna vigae vilivyopasuka, kuna bomba ndani ya ukuta? Fungeni koki zote nyumbani, mwangalie mita. Ikiendelea kutembea, kuna bomba linalovuja. Halafu fanya jaribio moja lisilo na gharama. Chukua kipande cha nailoni safi cha ukubwa wa karatasi ya daftari, futa sehemu ya ukuta ikauke, kibandike kwa selotepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiyakuta upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa unaoganda pale. Lililo la kwanza deki haiwezi kulitibu hata upige mara tano kwa siku. La pili, mama ana hoja kidogo: madirisha, pangaboi, nguo zinazoanikwa ndani wakati wa mvua, na kabati lililogandishwa ukutani. Kabati liacheni nafasi ya kiganja hewa ipite.

Ukiona unga mweupe unaopukutika badala ya doa, hiyo ni chumvi inayosukumwa nje na maji yanayopanda ukutani, si ukungu. Nyumba nyingi za pwani zina hilo. Nayo ni dalili ya maji yale yale.

Rangi ya mafuta ilibanduka kwa sababu iliufunika ukuta uliokuwa bado una maji, na maji yakatafuta njia ya kutokea. Fundi atakayekuja na ndoo ya rangi kabla hajauliza maji yanatoka wapi, mpe chai arudi kwake. Boya la tangi la kukata maji likijaa, bomba la kupeleka maji ya mvua mbali na ukuta, sakafu ya saruji yenye mteremko kutoka kwenye msingi: hayo si ya gharama ya kuvunja nyumba, na ndiyo ya kwanza. Kama unyevu unapanda kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi tangu mwanzo, kazi inakuwa kubwa zaidi na mtahitaji fundi mzoefu wa ujenzi. Sijui ni lipi kwenu. Ndiyo maana nasema mpime kabla ya kugombana.

Jiki nayo inaondoa doa, haiondoi maji. Doa kubwa kama lenu, linalozidi mita moja ya mraba, lisisuguliwe na watoto wakiwa ndani, wala lisisuguliwe kavu, maana mbegu za ukungu zinapaa hewani. Lowesha kwa maji ya sabuni, jifunge barakoa, fungua madirisha, mtoto awe mbali mpaka chumba kikauke. Usichanganye jiki na dawa ya choo wala na kitu chenye amonia. Hewa inayotoka hapo inachoma mapafu ya mtu mzima, sembuse ya mtoto. Godoro ambalo limeshaingiwa na ukungu mpaka ndani, liage.

Sasa jiko la mkaa. Mwanangu, hili silisemi kwa upole. Jiko la mkaa lenye moto lisiingie tena chumbani mlango ukiwa umefungwa, liwe la kukausha ukuta au la kuota baridi. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Hili usilibishane na mama, mwombe mumeo amwambie yeye mwenyewe, leo.

Kuna swali jingine, na hili nakuuliza taratibu. Una hakika Dodoma mtoto alipona kwa sababu ya ukuta? Huenda. Dodoma Desemba si Dar es Salaam, hewa yake si nzito kama ya pwani. Lakini kule alipumzika pia na moshi wa maandazi wa alfajiri, ubani na udi wa jioni, na sijui kama mnachoma dawa ya mbu ya kuzunguka. Kwa mtoto mwenye pumu, moshi ni moshi, uwe wa mkaa, wa sigara au wa ubani wenye baraka. Sisemi ukuta hauna kesi. Nasema mkihamia vyumba viwili Kimara au Gongo la Mboto, mkakuta mpangaji wa mlango wa pili anapikia mkaa kwenye korido, mtakuwa mmelipa kodi ya miezi sita kununua nusu ya tatizo. Na nyumba za kupanga nazo zina kuta. Ukienda kuangalia nyumba, nenda baada ya mvua, vuta pazia, nusa kabati, tazama kona za dari. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu ikutie shaka.

Maandazi ya mama usiyaguse vibaya. Ni riziki yake na ndiyo inayompa sauti ndani ya nyumba. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, ila mkakati haumnunulii mama mtungi. Watoto sita wanaweza. Mtungi wa kilo 6 na plate yake kwa mchango wa watoto wake, ukitoka kwao na si kwako, utapokelewa kama zawadi. Akisema andazi la gesi halina ladha, na wengi husema hivyo, basi kibanda cha bati uani, jiko litoke koridoni. Ubani ufukizwe sebuleni madirisha yakiwa wazi, mtoto akiwa nje anacheza. Hapo hujamnyima mtu ibada yake.

Nirudi kwa mtoto, maana ndiye anayeumia wakati sisi tunajadili matofali. Dawa ya bluu inafungua njia ya hewa kwa saa chache. Haitibu uvimbe ulio ndani ya njia hizo. Mtoto wa umri wake anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa, na wako anaihitaji karibu kila usiku. Muulize daktari kuhusu dawa ya kuvuta ya kila siku, ile ya kuzuia, ambayo hutumika hata siku mtoto akiwa mzima. Wazazi wengi wanaiogopa wakidhani itamfanya mtoto awe mtumwa wa dawa. Mwambie daktari hofu hiyo, usiende nayo nyumbani. Mwombe pia aangalie jinsi mtoto anavyovuta, kwani wengi dawa inaishia mdomoni. Kuna chemba maalumu ya kuvutia, na isipopatikana daktari anaweza kukuonesha jinsi ya kutumia chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, inafanya kazi vizuri. Siku atakaposhindwa kumaliza sentensi, mbavu zikawa zinaingia ndani anapovuta pumzi, au midomo ikabadilika rangi, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi.

Kuna jambo moja mnaloweza kulifanya usiku huu bila kikao: watoto wasilale chumba kile. Sebuleni, chumbani kwenu, popote. Ni usumbufu, na mama anaweza kuuliza kwa nini godoro liko sebuleni. Jibu lipo, ukuta umeloa, tunausubiri ukauke. Halina tusi ndani yake.

Sasa kuhusu kuhama. Ukiondoka na watoto bila mumeo, kifua cha mtoto kinaweza kupata nafuu, na nyumba yako ikapata jeraha ambalo halina dawa ya kuvuta. Hilo unalijua kuliko mimi. Mkiondoka pamoja, mama anabaki na ukuta ule ule na kikohozi chake, na mashemeji watakuwa na la kusema, labda hata wewe moyoni. Mkibaki mkatengeneza, kuna hatari ambayo sioni kama mumeo ameifikiria: anatia hela yake kwenye nyumba ya urithi, ya ndugu sita na mama yao. Kesho mirathi ikigawanywa, nani atakumbuka saruji yake? Kwa hiyo kama njia ni kutengeneza, jambo hili ni la kikao cha familia, gharama ziandikwe, risiti zitunzwe, na wote sita waweke sahihi kwamba itahesabiwa. Wakikataa kuchangia na kukataa kuandika, mumeo atakuwa amepata jibu la wale watakaomwita wa kuongozwa na mke. Hata boma la Chanika nalo si kimbilio la karibu. Nyumba mpya isiyokauka vizuri, plasta bado mbichi, nayo ina unyevu wake. Lakini kwa kuwa mko kwenye msingi, mnaweza kuweka mapema kile kizuizi cha unyevu ambacho ukuta wa mzee labda haukukipata.

Na Dodoma? Sikatai wazo la wifi, ingawa najiuliza kwa nini suluhisho lake halimgusi yeye. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili kutengana na mama yake ni jambo zito, na Dodoma ina vumbi lake. Pumu atasafiri nayo, kliniki na dawa lazima vimfuate. Kama njia ya muda ukuta unapovunjwa na kupakwa plasta upya, naiona. Kama njia ya kuepuka mazungumzo ya watu wazima, iulize vizuri nafsi yako.

La mwisho umelitaja kama la kupita: mama anakohoa tangu Ramadhani. Huenda ni moshi kweli, miaka ya moshi inaharibu mapafu ya wanawake wengi. Lakini kikohozi kinachozidi wiki mbili kinapaswa kupimwa kifua kikuu, na kwenye hospitali za serikali kipimo na matibabu yake ni bure. Analala nyumba moja na mjukuu mwenye pumu, kwa hiyo hili ni la wote wawili. Usimpelekee habari hii kama shtaka. Wapeleke siku moja, bibi na mjukuu, mumeo awepo akiweza. Hapo mama atamsikia daktari mwenyewe akisema kuhusu moshi na unyevu, bila wewe kufungua mdomo, na pengine atakuwa na maswali yake ambayo hajawahi kupata wa kumuuliza. Beba dawa zote za mtoto, na picha za ukuta kwenye simu, ile ya nyuma ya kabati pia.